Kwa nini wanyama wa nchi kavu hawakubarikiwa siku ya sita kama samaki na ndege?

#1 Mwanasura (mtoa mada)

Wanajukwaa, salaam.

Naleta hoja ambayo imenisumbua tangu kikundi chetu cha kujifunza Biblia kilipoanza kukipitia kitabu cha Mwanzo aya kwa aya. Siku ya tano, Mungu alipokwisha kuwaumba viumbe wa majini na ndege, aliwabariki akawaambia wazae, waongezeke, wayajaze maji ya baharini, na ndege wazidi katika nchi (Mwanzo 1:22). Siku ya sita, alipomwumba mwanadamu, mume na mke, aliwabariki nao kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo (1:28). Katikati ya baraka hizo mbili wamo wanyama wa nchi kavu: wa kufugwa, watambaao na wa mwitu. Hao waliumbwa kwa jinsi zao, Mungu akaona ya kuwa ni vyema (1:25), kisha masimulizi yakaendelea bila kuwatamkia baraka yoyote.

Je, ukimya huo una maana, au ni sisi wasomaji tunaolazimisha maana mahali ambapo mwandishi hakuiweka? Mimi naelekea kuamini kwamba una maana, kwa sababu sura hii imepangwa kwa uangalifu mkubwa mno, na mwandishi wa namna hiyo si mtu wa kusahau baraka njiani. Naomba michango inayotaja aya, tafadhali.

#2 Kunguru wa Eliya

Mkuu, hapo hakuna fumbo. Baraka ya aya ya 28 ilitolewa siku ile ile ya sita, wakati wanyama na wanadamu wote wamekwisha kuwapo, kwa hiyo iliwahusu wote. Ni baraka moja kwa wakazi wote wa nchi kavu.

#3 Mwanasura

Ndugu Kunguru, soma aya ya 28 hadi mwisho. Wanaobarikiwa ndio hao hao wanaoagizwa kuwatawala samaki, ndege na kila kiumbe chenye uhai kiendacho juu ya nchi. Ukisema wanyama wamo ndani ya baraka hiyo, itakubidi useme pia kwamba swala aliagizwa kumtawala swala.

#4 Mzee wa Hekalu

Swali hili ni la kale kuliko jukwaa letu. Rashi, yule mfafanuzi Myahudi wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1040 na 1105, alilijibu katika maelezo yake juu ya aya ya 22. Alisema samaki na ndege walihitaji baraka kwa sababu watu huwavua, huwawinda na kuwala, kwa hiyo wangepungua. Wanyama wa nchi kavu nao walihitaji baraka, lakini kwa kuwa nyoka alikuwa miongoni mwao, naye angekuja kulaaniwa, Mungu hakulibariki kundi zima ili nyoka asije akaingia ndani ya baraka hiyo. Kwa mtazamo huu ukimya wa siku ya sita unaielekea sura ya tatu, ambamo nyoka anatajwa kuwa mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu, kisha analaaniwa kuliko wote.

Sisemi kwamba Wakristo tunabanwa na maelezo hayo. Nasema tu kwamba msomaji makini aliuona ukimya huo miaka zaidi ya 900 iliyopita, na hakuuona kuwa wa bure.

#5 Dada Prisila

Shikamoo Mzee wa Hekalu. Maelezo ya Rashi ni mazuri kusikiliza, ila yananipa taabu mbili. Ya kwanza ni ya haki: kwa nini kondoo, ngamia na sungura wanyimwe baraka kwa kosa la nyoka, tena kosa ambalo lilikuwa bado halijatendeka? Ya pili ni ya maandiko yenyewe. Baada ya Gharika, Mungu anamwambia Nuhu awatoe safinani ndege, wanyama na kila kitambaacho, ili wazae sana katika nchi na kuongezeka (8:17). Watambaao wametajwa humo waziwazi. Ikiwa nyoka ndiye aliyekuwa kizuizi, mbona hapo hakuzuia kitu, na wakati huo laana yake ilikuwa imekwisha kutamkwa?

Mimi nadhani mtoa mada anauona ukimya mahali ambapo pana kuchelewa tu. Baraka ya wanyama ilikuja sura saba baadaye.

#6 Punda wa Balaamu

Kwa niaba ya wanyama wote wa nchi kavu, nawashukuru kwa kulifikisha shauri letu mbele ya baraza. Naomba tu ieleweke kwamba tumezaliana vizuri bila barua ya idhini, na kwamba katika Hesabu 22 ni mmoja wetu aliyemwona malaika njiani huku nabii aliyempanda akiwa haoni kitu na kumpiga mara tatu. Endeleeni.

#7 Mtafiti Huru

Tukiacha mzaha wa Punda, ambao hata hivyo una hoja ndani yake, napendekeza tulitazame jengo la sura yenyewe kabla ya kutafuta sababu za mbali.

Siku sita zimepangwa katika safu mbili. Siku ya kwanza inaleta nuru, ya nne mianga. Siku ya pili inatenga anga na maji, ya tano inaleta ndege wa angani na viumbe wa majini. Siku ya tatu inaleta nchi kavu na mimea, ya sita inaleta wanyama na mwanadamu wa kuikalia nchi hiyo na kuila mimea hiyo. Siku tatu za kwanza huandaa makao, tatu za pili huleta wakazi. Siku ya tatu na ya sita zina kazi mbili kila moja, ndiyo maana tunapata kazi nane katika siku sita.

Sasa hesabuni baraka. Zipo tatu tu katika masimulizi haya: ya viumbe wa majini na ndege (1:22), ya wanadamu (1:28) na ya siku ya saba (2:3). Siku ya tano, ya sita na ya saba, kila moja ina baraka yake. Kama wanyama wa nchi kavu wangepewa baraka yao, siku ya sita ingekuwa na mbili na mpangilio ungeharibika. Kwa maoni yangu jibu ni la kiuandishi: nafasi ya baraka ya siku ya sita ilikuwa moja, akapewa mwanadamu.

#8 Mwanasura

Nashukuru, Mtafiti Huru, hesabu ya baraka tatu inavutia. Lakini umenirudisha nilikoanzia. Mwandishi alipokuwa na nafasi moja, aliamua ni nani wa kumpa. Uamuzi huo nao unasema kitu.

#9 Chombo cha Udongo

Jibu langu ni jepesi zaidi: nchi ni moja. Samaki waliambiwa wayajaze maji, na mwanadamu hakai majini. Mwanadamu aliambiwa aijaze nchi na kuitiisha. Kama wanyama wa mwitu nao wangeambiwa waijaze nchi, hapo pangekuwa na amri mbili zinazogombana juu ya eneo moja, na kila simba angekuwa na hati ya kumiliki.

Ushahidi wangu uko katika Kutoka 23:29. Mungu anawaambia Waisraeli kwamba hatawafukuza wenyeji wa Kanaani katika mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakaongezeka juu yao. Kumbukumbu la Torati 7:22 inarudia jambo hilo hilo. Watu wa zama zile hawakuwaogopa wanyama kwa kuwa wako karibu kutoweka, kama tunavyowahofia leo; waliogopa kuzidiwa nao. Kwa wasikilizaji wa namna hiyo, kuwabariki fisi na simba ili waongezeke isingekuwa habari njema hata kidogo.

#10 Dada Prisila

Hoja ya Chombo cha Udongo ndiyo yenye uzito kuliko zote hadi sasa, lakini ina tundu. Aya ya 22 inasema ndege waongezeke katika nchi. Ndege hutaga, hulala na kulisha makinda juu ya nchi kavu, na huvamia mashamba kuliko wanyama wengi. Mbona wao hawakunyimwa?

#11 Chombo cha Udongo

Ndege akifukuzwa huruka. Simba akifukuzwa hugeuka.

#12 Kunguru wa Eliya

Tunazunguka mbali. Jambo kuu ni kwamba Adamu aliwapa wanyama wote majina, kuanzia ndege hadi samaki, na kwa kuwapa majina akawa bwana wao. Huo ndio uhusiano wa mtu na mnyama, na baraka si hoja.

#13 Mzee wa Hekalu

Samaki hawamo, ndugu yangu. Mwanzo 2:19 inawataja wanyama wa msituni na ndege wa angani, na 2:20 inaongeza wanyama wa kufugwa. Viumbe wa majini hawakupelekwa mbele ya Adamu.

Ila nakushukuru kwa kutuingiza katika sura ya pili, maana huko mambo yanabadilika kabisa. Katika sura ya kwanza wanyama wanatangulia na mtu anafuata. Katika sura ya pili mtu anafinyangwa kwanza kwa mavumbi ya ardhi, Mungu anasema si vema awe peke yake, ndipo anawafanyiza wanyama na ndege kutoka katika ardhi ile ile na kumletea mtu huyo ili aone atawaitaje. Soma taratibu: wanyama wanaletwa kama jibu la upweke. Mungu anamtafutia mtu msaidizi wa kufanana naye, na wa kwanza kuletwa ni wanyama. Hawakufaa, ndiyo maana mwanamke akaumbwa, lakini walifikiriwa. Sikumbuki kusikia mahubiri yaliyokaa juu ya jambo hilo hata kwa dakika tano.

Kwa hiyo ukimya wa sura ya kwanza usisomwe peke yake. Ambao hawakupewa baraka katika sura ya kwanza ndio waliofinyangwa kwa udongo mmoja na Adamu katika sura ya pili, ilhali samaki waliobarikiwa hawatajwi humo kabisa.

#14 Mtafiti Huru

Mzee, hapo umegusa penyewe. Wataalamu wengi wa Agano la Kale huziona sura hizo mbili kuwa masimulizi mawili yenye asili tofauti yaliyowekwa pamoja, ndiyo sababu mpangilio wa uumbaji haulingani. Wanaoshikilia kwamba ni simulizi moja husema sura ya pili haifuati wakati, inarudi nyuma na kuitazama siku ya sita kwa karibu. Sitaki kuuhamisha uzi kwenye ubishi huo, ila naona kila upande utalazimika kueleza kwa nini mhariri wa mwisho, awe Musa au mwingine, hakuona haja ya kuzisawazisha.

#15 Daktari wa Mifugo

Habari zenu wote. Nimekuwa msomaji wa kimya, lakini kuna aya inayonikwaza katika kazi yangu kuliko suala la baraka. Mwanzo 1:30 inasema kwamba kila mnyama wa nchi, kila ndege na kila kitambaacho alipewa majani ya kijani kuwa chakula chake. Hakuna aliyepewa nyama. Mwanadamu mwenyewe aliruhusiwa nyama baada ya Gharika tu (9:3).

Sasa mfungueni paka kinywa, mtazame. Magego yake ya juu na ya chini hupishana kama makali ya mkasi, yameumbwa kwa kukata, na taya lake haliendi upande kwa upande kama la mbuzi anayesaga majani. Ulimi una miiba midogo iliyoelekea nyuma, ya kukwangulia nyama kwenye mfupa. Utumbo wake ni mfupi, wakati mbuzi ana tumbo la vyumba vinne kwa ajili ya kuyachachusha majani. Zaidi ya hayo, mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho hukipata katika nyama. Akikikosa kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hudhoofika. Nimewahi kuletewa paka ambaye mwenye naye, Mkristo wa dhati, alikuwa akimlisha nafaka na mboga tu kwa kusudi la kumrudishia Edeni. Mnyama alikuwa akigonga samani kwa kutoona. Je, paka wa siku ya sita alikuwa mnyama gani hasa, ikiwa alikula majani?

#16 Mwinjilisti Amosi

Daktari, asante kwa uzoefu wako, lakini unamtazama paka wa baada ya anguko na kumhukumu paka wa kabla yake. Warumi 5:12 inasema mauti iliingia kwa dhambi. Warumi 8:20-22 inasema viumbe vyote vilitiishwa chini ya ubatili na vinaugua pamoja hata sasa. Mungu aliyeweza kubadilisha hali ya nyoka katika Mwanzo 3:14 alishindwaje kubadilisha meno ya simba? Na Isaya 11:7 inatuonyesha mwisho utakavyokuwa: simba atakula majani kama ng'ombe. Mwisho unafanana na mwanzo. Huu ndio msimamo wa kanisa la Kristo la vizazi vyote, na ni mafundisho ya kisasa tu yaliyoutia shaka.

#17 Mtafiti Huru

Mwinjilisti, kwa heshima zote, si vizazi vyote. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki aliyefariki mwaka 1274, aliandika katika Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, sehemu ya kwanza, swali la 96, kwamba asili ya wanyama haikubadilishwa na dhambi ya mwanadamu, na kwamba si jambo la akili kudhani simba na mwewe, ambao leo asili yao ni kula nyama, wakati ule waliishi kwa majani. Augustino naye, askofu wa Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 5, aliona kwamba wanyama kulana ni sehemu ya mpangilio wa viumbe wanaopita na kupokezana, wala hakuona aibu kuutafutia uzuri mpangilio huo. Hao wawili hawakuwa watu wa kisasa, na Darwin alichapisha kitabu chake juu ya mageuko ya viumbe mwaka 1859.

Nayo Biblia yenyewe haiko upande mmoja. Zaburi ya 104, ambayo ni wimbo wa uumbaji, inasema wanasimba hunguruma wakitaka mawindo, wakimwomba Mungu chakula chao (104:21). Katika Ayubu 38:39 Mungu anauliza kama Ayubu aweza kumwindia simba jike mawindo, na swali hilo linaonyesha kwamba Mungu anaihesabu kazi hiyo kuwa yake mwenyewe. Hakuna harufu ya laana katika sehemu hizo mbili. Warumi 5:12, ukiisoma yote, inazungumzia mauti kuwafikia watu wote.

#18 Mwinjilisti Amosi

Zaburi na Ayubu ziliandikwa baada ya anguko na zinaeleza ulimwengu kama ulivyo sasa, Mungu akiutunza kwa rehema. Hiyo si hoja dhidi ya Mwanzo 1:30. Na Tomaso si Mtume.

#19 Dada Prisila

Wakati mnagombana, niwape cha kufurahisha. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliichukua ahadi ya simba kula majani kwa uzito wake wote, kisha akauliza: ikiwa simba atashiba kwa makapi, ngano yenyewe itakuwa ya ubora gani? Yeye hakuhangaishwa na meno ya simba, alihangaishwa na ubora wa mavuno.

Kwa Daktari: pengine 1:30 haielezi tumbo la paka hata kidogo, inaeleza mpaka. Mtu alipewa mimea itoayo mbegu na matunda, mnyama akapewa majani, na damu haikuwa sehemu ya mgawo wa yeyote. Ni picha ya meza ambayo hakuna aliyepewa haki ya kumla mwenzake. Kama picha hiyo ilitokea kwa wakati fulani au ni kusudi ambalo halijafikiwa, hapo ndipo tunapoachana na Mwinjilisti.

#20 Bahari ya Shamu

Wakuu, mmeacha viumbe wa majini nyuma na wao ndio wenye siri. Aya ya 21 inawataja wale wakubwa wa baharini kwa namna ya pekee, kabla ya wengine. Majirani wa Israeli waliiogopa bahari. Katika masimulizi ya Babeli yaitwayo Enuma Elish, mungu Marduk anampiga Tiamat, bahari ya kale, anaupasua mwili wake mara mbili na kuutumia kuumba mbingu na nchi. Mwanzo haina vita. Dude la baharini ambalo jirani aliliogopa, hapa linaumbwa siku ya tano, linaonekana kuwa jema na linabarikiwa lizae. Zaburi 104:26 inasema hata Lewiathani, lile dude kubwa la baharini, ameumbwa acheze humo.

Kwa hiyo baraka ya siku ya tano ilihitajika ili kukata mzizi wa hofu. Ng'ombe na kondoo hawakumtisha mtu, hivyo hawakuhitaji kutetewa. Mtoa mada anauliza kwa nini wengine walinyimwa, wakati swali lenyewe ni kwa nini samaki walipewa.

#21 Chombo cha Udongo

Ng'ombe alikuwa akiabudiwa na wengi, tena Israeli wenyewe walitengeneza ndama (Kutoka 32). Kama mwandishi alikuwa anapambana na miungu ya majirani, ng'ombe alimhitaji kuliko nyangumi.

#22 Bahari ya Shamu

Ndiyo maana hakumbariki! Umenisaidia.

#23 Punda wa Balaamu

Kwa hiyo nyoka alitukosesha baraka kwa Rashi, ndama ametukosesha kwa Bahari ya Shamu, na simba kwa Chombo cha Udongo. Punda hajatajwa na yeyote, lakini adhabu ni ya pamoja.

#24 Msomi wa Miamba

Samahani kwa kuchelewa. Mnazungumza kana kwamba mpangilio wa siku ya tano na ya sita ni kumbukumbu ya matukio. Kwa ushahidi wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika miamba, wanyama wa nchi kavu walitangulia ndege kwa mamilioni mengi ya miaka, na nyangumi wametokana na mamalia waliotembea kwa miguu minne. Mwanzo inaweka nyangumi na ndege kwanza, wanyama wa nchi kavu baadaye. Kuongeza urefu wa siku, kama wafanyavyo wanaosema kila siku ni enzi, hakuondoi tatizo, kwa sababu tatizo liko katika mfuatano.

#25 Mtafiti Huru

Karibu. Nakubaliana nawe juu ya nadharia ya enzi, na ndiyo sababu nimeshikilia safu mbili za siku: mfuatano wake ni wa mada, si wa kalenda. Augustino alifika hapo bila visukuku; aliamini kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja na kwamba siku sita ni namna ya kutufundisha. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Papa Pius wa 12 aliruhusu mwaka 1950 uchunguzi juu ya asili ya mwili wa mwanadamu uendelee, na Yohane Paulo wa 2 akasema mwaka 1996 kwamba mageuko ya viumbe ni zaidi ya nadharia tete, yaani zaidi ya dhana isiyothibitishwa. Najua ndugu zetu Waadventista na wengineo hawakubali, nao wana hoja zao juu ya Sabato na siku halisi. Turudi kwa wanyama.

#26 Mwanasura

Ndiyo, turudi. Nimesoma yote, na naona kila jibu linaelekea kwenye suala moja ambalo hakuna aliyelitaja kwa jina: utawala. Mwanadamu alipewa baraka, na ndani ya baraka hiyo akapewa kutawala. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White alichapisha katika jarida la Science makala iliyoulaumu Ukristo wa Magharibi kwa uharibifu wa mazingira, akisema ulimfundisha mtu kwamba viumbe vyote vipo kwa ajili yake. Mwishoni mwa makala hiyo hiyo alipendekeza Fransisko wa Assisi awe mlinzi wa wanaoshughulikia mazingira, na mwaka 1979 Yohane Paulo wa 2 akamtangaza kuwa hivyo kweli. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika katika waraka wake Laudato Si' kwamba kuisoma aya ya 28 kama ruhusa ya kuvinyonya viumbe ni kuisoma vibaya.

Sasa fikirini: ikiwa wanyama hawakupewa baraka yao wenyewe, je, walikusudiwa kuipata kupitia kwa mwanadamu? Yaani yeye aliyebarikiwa ndiye mrija wa baraka yao? Kama ni hivyo, ukimya wa aya ya 25 ni mzigo uliowekwa mabegani mwetu.

#27 Daktari wa Mifugo

Mtoa mada, hilo naweza kulipokea kuliko mengine. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Kutoka 23:12 inasema siku ya saba ni ya kupumzika ili ng'ombe na punda wapate kustarehe, na wanyama wanatangulia kutajwa kabla ya mtumwa na mgeni. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Huo ndio mrija.

Nami niseme nionacho kazini. Ndama akizaliwa kwa shida, kuna muda mfupi analala kimya, pua imejaa ute, na hujui. Unamsafisha pua, unamsugua ubavu kwa nyasi kavu, mama anageuka na kuanza kumlamba kwa nguvu hadi kichwa kinatikisika, kisha ubavu unainuka. Mhubiri 3:19 anasema mwanadamu na mnyama wana pumzi moja. Hapo sihitaji ufafanuzi wa mtu.

#28 Kunguru wa Eliya

Daktari, umeitaja Kumbukumbu 25:4 lakini Paulo ameifafanua katika 1 Wakorintho 9:9-10: anauliza kama Mungu anaangalia mambo ya ng'ombe, na anajibu kwamba ilinenwa kwa ajili yetu. Ng'ombe hakuwa shabaha.

#29 Dada Prisila

Kaka, Paulo alikuwa akitetea haki ya mtumishi kula kwa kazi yake, naye alichukua hoja kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Hoja ya namna hiyo haisimami kama mdogo hana haki yoyote. Na Yesu mwenyewe alisema hata shomoro mmoja haanguki chini pasipo Baba (Mathayo 10:29). Mungu anayewafuatilia shomoro asiangalie ng'ombe?

#30 Punda wa Balaamu

Swali dogo la pembeni: tunaingia mbinguni au la? Nauliza kwa ajili ya rafiki mwenye masikio marefu.

#31 Mzee wa Hekalu

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alihubiri katika karne ya 18 juu ya Warumi 8 kwamba wanyama watarejeshwa, tena kwa hali bora kuliko ya Edeni. Tomaso alifundisha kwamba roho ya mnyama haidumu mwili wake ukifa. Rafiki yako achague mhubiri.

#32 Kunguru wa Eliya

Dada Prisila, tangu posti namba 5 hujaulizwa jambo moja, nami nalileta. Ulisema 8:17 ni baraka iliyochelewa. Maneno yale aliambiwa Nuhu juu ya wanyama. Wanyama hawakuambiwa kitu. Na ukigeuza ukurasa, 9:1 inasema Mungu akambariki Nuhu na wanawe, akawaambia wazae na kuongezeka. Wanyama wamesimama pale pale, wametoka safinani pamoja nao, na kwa mara ya pili wamerukwa. Tena 9:2 inaongeza kwamba hofu ya mwanadamu itakuwa juu yao. Huo si ukimya wa bahati mbaya. Niliingia katika uzi huu nikimpinga mtoa mada, na sasa nadhani anadai kidogo kuliko anavyostahili.

#33 Dada Prisila

Soma mbele kidogo zaidi, kaka Kunguru. Katika 9:9-10 Mungu anafanya agano na Nuhu, na uzao wake, na kila kiumbe chenye uhai kilicho pamoja nao: ndege, wanyama wa kufugwa na kila mnyama wa nchi. Samaki, waliobarikiwa siku ya tano na ambao Gharika haikuwahitaji kuingia safinani, hawatajwi kwa jina katika agano hilo. Kwa hiyo waliobarikiwa mwanzo hawakutajwa katika agano, na walionyimwa baraka wametajwa. Nielezeni kipi ni kikubwa kati ya hivyo viwili, ndipo tutajua kama wanyama wa nchi kavu walipungukiwa na chochote.

#34 Chombo cha Udongo

Samaki hawakuhitaji agano la kutoangamizwa kwa maji.